Mahali Kazi Inapokwama: Funzo Kutoka kwa Hamira

Mwalimu mwanafunzi apelekwapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kazi anayoizoea upesi kuliko zote ni kusahihisha madaftari. Huketi na rundo mbele yake na kalamu nyekundu mkononi, akatia vema hapa na kosa pale, na mwishoni akaandika jumla ya alama chini ya mstari. Kazi hiyo ina raha yake, kwani rundo huisha na mtu huona kwamba ametimiza wajibu. Mimi niliifanya kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba nilikuwa nikiyahesabu makosa bila kuyatazama. Nilichofumbuliwa nacho macho ni hamira, hamira hii hii ya mkate na maandazi, pamoja na habari za watu walioichunguza. Nimeona vema niwasimulie ninyi mnaojiandaa kwa kazi ya ualimu, kwa sababu ndani ya habari hizo imo sayansi mtakayoifundisha, na imo pia njia ya kufundishia.

Nianze na kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilifundisha hesabu na sayansi darasa la tano, katika shule moja ya kijijini. Alikuwapo msichana mmoja aliyeketi dawati la mbele. Tulipoanza kugawanya kwa njia ndefu, nilitoa maswali kumi ya namna ya 84 kugawanya kwa 4 na 369 kugawanya kwa 3, naye aliyapata yote. Juma lililofuata nilitoa kumi mengine: 618 kwa 6, 816 kwa 4, 525 kwa 5, na kadhalika. Akaandika majibu yake kwa mwandiko safi: 13, 24, 15. Hakupata hata moja. Nilimwandikia sifuri kubwa na chini yake maneno mawili, "Huna bidii." Kesho yake nilimsimamisha mbele ya wenzake ili aeleze kwa nini amerudi nyuma. Hakuwa na la kueleza.

Juma lile lile tulikuwa na somo la hamira. Nilikuwa nimetayarisha chupa ya soda yenye maji ya vuguvugu, sukari na kijiko cha hamira, na mdomoni mwa chupa nimevika puto. Puto lilipoanza kuinuka darasa lilishangilia, nami nikaeleza kwamba hamira ni kitu hai, na kwamba kila moja hujigawa ikawa mbili, na mbili zikawa nne. Msichana yule akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mama huweka kijiko kimoja tu katika unga. Kama hamira hujigawa hivyo, mbona haijazi nyumba? Nani huiambia kwamba basi, imetosha?"

Nilimjibu kwamba swali hilo halimo katika somo la leo, nikageukia ubao. Ukweli ni kwamba sikulijua jibu, na niliona haya kulikiri mbele ya watoto. Muhula ule hakunyoosha mkono tena. Mwisho wa mwaka wazazi wake walihama, na sikupata nafasi ya kumjibu.

Miaka ikapita, nikawa mkufunzi. Mwaka 2001 nilisoma kwamba Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba wamepewa watu watatu: Leland Hartwell wa Marekani, na Paul Nurse na Tim Hunt wa Uingereza. Walituzwa kwa kugundua jinsi seli, au chembe hai kama wengine wanavyoziita, zinavyoamua kujigawa na kusimama. Wawili wa kwanza walikuwa wameitumia hamira. Niliyasoma maelezo yale mara ya pili na ya tatu, kwani niliona kwamba swali walilolifanyia kazi maisha yao yote lilikuwa ni lile nililolifukuza darasani mwangu.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu hamira yenyewe. Kila punje ya hamira ya dukani ina seli nyingi mno zilizolala. Seli moja ina upana wa kiasi cha sehemu moja ya 200 ya milimita, yaani seli 200 zikipangwa mstari mmoja hujaza milimita moja tu. Ikipata maji, sukari na joto la kadiri, huota uvimbe mdogo ubavuni, nao huitwa chipukizi. Chipukizi hukua, hupokea urithi wake kutoka kwa mama, kisha hukatika na kuwa seli ya pekee. Katika hali njema duru nzima huchukua kiasi cha dakika 90. Hapa pana kosa ambalo mimi mwenyewe nililifundisha, nanyi mlikwepe: unga hauumuki kwa sababu seli zimekuwa nyingi zikauvimbisha. Huumuka kwa sababu seli hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi, na hewa hiyo hunaswa ndani ya kinyunga. Puto nalo huinuliwa na hewa hiyo hiyo.

Sasa fikirini kazi iliyo mbele ya seli kabla haijajigawa. Ndani ya kiini chake mna DNA, ambayo ni kama kitabu cha maagizo ya maisha yake yote. Katika hamira ya mkate kitabu hicho kina juzuu 16, ziitwazo kromosomu, na herufi zipatazo milioni 12. Wanasayansi walimaliza kuzisoma zote mwaka 1996, wakakuta jeni zipatazo 6,000, kila jeni ikiwa ni agizo la kutengeneza kitu fulani. Seli haina budi kukinakili kitabu chote, mara moja tu, pasipo kuruka ukurasa na pasipo kuurudia, kisha impe mtoto nakala moja na ibaki na moja. Mtoto akikosa juzuu moja anaweza kufa, na juzuu ikizidi huleta matatizo mengine. Lazima basi pawepo utaratibu. Lakini mtu ataujuaje utaratibu wa kitu asichoweza kukiona kwa macho, sembuse kukifungua na kuchungulia ndani?

Hartwell alilijibu swali hili kwa njia ambayo mwalimu anapaswa kuitazama sana. Alitafuta seli zilizokosea. Ukiiharibu kabisa jeni inayohitajika katika kujigawa, seli hufa na hubaki bila cha kuchunguza. Kwa hiyo alitafuta hamira ambazo jeni yake imeharibika kwa kiasi tu, hata ikaweza kufanya kazi katika ubaridi na kushindwa katika joto. Katika halijoto ya nyuzi 23 za Sentigredi hamira hizo ziliishi na kuzaana kama kawaida. Zikihamishiwa nyuzi 36, ziliendelea kwa muda, kisha zikakwama.

Yeye na wenzake walizipiga picha seli hizo kwa hadubini kabla na baada ya kuzitia joto. Ndipo lilipoonekana jambo ambalo halikutazamiwa. Katika baadhi ya aina za hamira zenye kasoro, seli zote zilikwama zikiwa na sura moja. Katika aina hii kila seli ilisimama ikiwa haina chipukizi, katika aina ile kila seli ilikuwa na chipukizi dogo, na katika nyingine kila seli ilikuwa na chipukizi kubwa lisilokatika. Chipukizi lilikuwa kama saa, likionyesha ni wapi katika duru kazi iliposimama. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo na Hartwell, Brian Reid, alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 1970, na kufikia mwaka 1973 walikwisha kuzipambanua jeni zaidi ya 30 zinazohusika na duru ya kujigawa.

Kila jeni ilitambulishwa na mahali ilipokwamisha kazi. Pale iliposhindwa jeni moja, DNA haikuanza kunakiliwa. Iliposhindwa nyingine, DNA ilinakiliwa vipande vipande lakini vipande havikuungwa, kwa kuwa jeni hiyo ndiyo inayotengeneza kimeng'enya cha kuunganishia. Iliposhindwa ya tatu, nakala zilikuwa tayari lakini hazikutenganishwa. Ilikuwapo pia moja, iliyopewa namba 28, ambayo iliposhindwa hakuna lolote lililoanza: chipukizi halikuota, wala DNA haikuguswa. Hartwell alipaita mahali hapo Mwanzo. Hapo ndipo seli hujipima. Je, imekua vya kutosha? Je, chakula kipo? Ikiwa sukari imekwisha kabla ya kupita Mwanzo, seli hutulia na kungoja. Ikiwa imekwisha kupita, huimaliza duru ile hata kama chakula kimepungua, kama abiria wa jahazi lililokwisha kung'oa nanga.

Wakati huo huo, huko Edinburgh, Paul Nurse alikuwa akiichunguza hamira ya aina nyingine, ambayo jina lake la kisayansi litawashangaza. Inaitwa Schizosaccharomyces pombe. Neno la pili ni la kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner aliikuta hamira hii katika pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akaiita kwa jina la kinywaji alimoikuta. Nasaba iliyozoeleka katika maabara leo haikutoka kibuyuni mwetu, bali ilipatikana baadaye katika maji ya zabibu huko Ulaya. Hata hivyo jina limebaki, na kila mwanasayansi anayeichunguza, awe Japani au Marekani, hutamka neno la Kiswahili. Mkilitaja darasani, watoto watajua kwamba kiumbe hiki kilikuwa kikifanya kazi vyunguni mwa bibi zao kabla hakijaandikwa vitabuni.

Hamira hii haioti chipukizi. Ina umbo la kijiti, hurefuka, na ifikapo urefu wa kiasi cha elfu 14 za milimita hukatika katikati. Nurse alifanya kinyume cha Hartwell: alitafuta seli zinazokosea kwa kuharakisha, zinazojigawa kabla ya wakati, kwa hiyo huwa fupi. Alizipa jina la wee, neno ambalo kwa Waskoti maana yake ni dogo. Alitumia zaidi ya mwaka akichungulia hadubini, akakusanya karibu hamsini. Karibu zote zilikuwa na kasoro katika jeni moja, ambayo kazi yake ni kama breki: huzuia seli isijigawe ikiwa bado changa.

Moja tu ilikuwa tofauti, na ilikuwa karibu ipotee. Nurse mwenyewe amesimulia kwamba sahani ile ya maabara ilikuwa imeingiwa na ukungu, naye akaitupa kapuni akaenda zake nyumbani kwa baiskeli. Jioni ile moyo ulimsuta. Akarudi, akaitoa kapuni, akazitenga zile seli na ukungu. Kasoro yake ilikuwa katika jeni iitwayo cdc2, ambayo ndiyo iliyokuja kujulikana kuwa mwendeshaji mkuu wa kujigawa kwa seli. Baadaye ilibainika kwamba cdc2 ya hamira hii na jeni namba 28 ya Hartwell hufanya kazi moja. Protini inayotengenezwa nayo hubandika fosfati juu ya protini nyingine, na kwa kubandika huko huziamsha au huzizima.

Protini hiyo haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1982 Tim Hunt, akichunguza mayai ya mnyama wa baharini aitwaye urchini, aliona protini inayoongezeka taratibu na kuharibiwa ghafla kila mara seli zinapojigawa. Aliiita saiklini. Ikawa dhahiri kwamba saiklini ndiyo mshirika wa ile protini ya cdc2: wakiwapo wote wawili kazi huendelea, na saiklini ikiharibiwa duru hufungwa ili nyingine ianze. Kisha mwaka 1987 Nurse na mwenzake Melanie Lee walitwaa vipande vya DNA ya binadamu wakavitia katika hamira ambayo cdc2 yake ilikuwa mbovu. Kimoja kiliiponya. Jeni ya mtu iliingia katika hamira ikafanya kazi ile ile, ingawa ni zaidi ya miaka bilioni moja tangu nasaba zetu zitengane.

Mtauliza, seli hujuaje kwamba DNA imekwisha kunakiliwa, isije ikanakili tena? Mfano ninaoutumia ni tiketi ya basi. Kabla ya duru kuanza, kila mahali pa kuanzia kunakili huvishwa kundi la protini, kama abiria apewavyo tiketi. Kunakili kunapoanza mahali hapo, tiketi hutumika. Protini za aina ya cdc2, ambazo ndizo zinazoamuru kazi ianze, huzuia pia tiketi mpya zisitolewe mpaka seli itakapokuwa imejigawa. Kwa hiyo hakuna ukurasa unaonakiliwa mara mbili. Amri moja hufungua mlango wa mbele na kuufunga wa nyuma.

La mwisho katika sayansi hii ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 1988 Ted Weinert na Hartwell walionyesha kwamba hamira ya kawaida ikipigwa mionzi inayoivunja DNA yake husimama, hujitengeneza, kisha huendelea. Lakini hamira iliyokosa jeni iitwayo RAD9 haisimami. Huendelea kujigawa huku imebeba DNA iliyovunjika, ikafa. Maana yake ni kwamba kusimama si kule kuishiwa nguvu tu. Kusimama ni kazi, nayo ina mfanyakazi wake. Katika miili yetu, vituo vya ukaguzi kama hivi vinapoharibika, seli huweza kujigawa pasipo mpaka, na hiyo ni sehemu ya chanzo cha saratani. Tangu mwaka 2015 zimekuwapo dawa za aina mojawapo ya saratani ya matiti ambazo huzizuia protini zilizo ndugu wa cdc2. Msichana yule aliuliza ni nani huiambia hamira kwamba imetosha. Lilikuwa swali zito kuliko nilivyoweza kudhani.

Sasa tuingie darasani. Kwa muda nimekuwa nikitumia mchezo ufuatao na walimu wanafunzi, nao wameutumia na darasa la sita na la saba. Tayarisheni utepe wa karatasi wenye safu mbili za herufi, A ikitazamana na T, na G ikitazamana na C. Shabaha ni kupata tepe mbili zilizo sawa na ule wa kwanza. Chagueni Mkataji, ambaye huupasua utepe katikati kwa urefu. Waandikaji wawili, ambao huandika herufi za kujaza kila nusu, juu ya vipande vifupi vya karatasi. Mgundishaji, anayeviunga vipande. Mkaguzi, anayelinganisha kazi na utepe wa asili na kuamuru isimame akiona kosa. Na Mgawaji, anayeweka utepe mmoja katika kila kisanduku. Kabla ya kuanza, kila mmoja hupewa kikaratasi kilichokunjwa. Kimoja kimeandikwa: "Usifanye kazi yako." Kazi ikisimama, kundi jingine huja, huitazama meza bila kuuliza mtu, na kusema ni nani hakufanya kazi.

Vipande visivyoungwa vikiwapo, watamtaja Mgundishaji mara moja. Tepe mbili zikiwa zimekamilika lakini zimelala mezani, watamtaja Mgawaji. Ugumu huja kikaratasi kinapomwangukia Mkaguzi. Mara ya kwanza nilipoufanya mchezo huu chuoni, kundi lililokuja lilitazama visanduku viwili, tepe mbili nadhifu, likasema kwamba kila mtu alifanya kazi yake, tena kwa haraka kuliko makundi yote. Ilibidi niwaambie wazisome herufi. Wakakuta makosa matatu. Mjadala uliofuata uliendelea hata baada ya kengele, nami sikuhitaji kueleza maana ya kituo cha ukaguzi.

Ilikuwa katika kuutengeneza mchezo huo ndipo nilipolikumbuka daftari la msichana yule. Majibu yake yalinijia waziwazi: 618 kwa 6, jibu 13, 816 kwa 4, jibu 24, 525 kwa 5, jibu 15. Niliyaandika juu ya karatasi na kuyatazama kama Hartwell alivyozitazama picha zake. Majibu sahihi ni 103, 204 na 105. Katika yote alijua kugawanya, alijua kuzidisha, alijua kutoa, alijua kushusha tarakimu. Palikuwa na mahali pamoja tu alipokwama: tarakimu iliyoshushwa ilipokuwa ndogo kuliko kigawanyo, hakuweka sifuri katika jibu, akashusha nyingine. Kumi alizokosa zilikuwa kosa moja lililorudiwa mara kumi. Maswali ya juma la kwanza hayakuwa na sifuri ndani ya majibu yake, ndiyo maana aliyapata. Yalikuwa nyuzi 23. Ya juma la pili yalikuwa nyuzi 36. Dakika tano za kuketi naye zingetosha. Mimi nilimwandikia kwamba hana bidii, nikamsimamisha achekwe.

Kwa hiyo nawashauri jambo hili, nalo halina gharama. Mkisahihisha, msitie alama kwanza. Tandazeni madaftari mezani, na kwa kila aliyekosa ulizeni: kazi yake imekwama wapi? Yawekeni pamoja madaftari yaliyokwama mahali pamoja. Katika darasa la watoto 40 mtakuta kwamba makosa mia moja yamegawanyika katika mafungu matatu au manne tu: wasiojua kuzidisha, wanaosahau kushusha, wanaoruka sifuri, na labda wawili watatu ambao hawakulielewa swali. Somo la kesho litajipanga lenyewe. Tungeni pia mazoezi kwa hatua, ili kila zoezi liongeze ugumu mmoja tu. Mtoto akikwama, mtajua ni ugumu upi uliomkwamisha. Zoezi lenye ugumu wa namna tano kwa pamoja huwaangusha wengi, na halikwambii neno. Na daftari lile chafu, lenye majibu ya ajabu yasiyofanana na ya mtu mwingine, lisomeni kwa makini kuliko yote kabla hamjalitupa upande wa wavivu. Kumbukeni ile sahani ya Nurse.

Mfano huu una mpaka wake, na ni wajibu wangu kuutaja. Hamira yenye kasoro huirithi kasoro yake na kuwaachia watoto wake. Kosa la mwanafunzi si urithi. Ni hatua aliyokosa kuonyeshwa, au aliyoonyeshwa siku aliyokuwa mgonjwa, au aliyofundishwa vibaya na mimi. Mwalimu atakayeanza kuwaita watoto "wenye kasoro" atakuwa amechukua kutoka kwa hamira jambo lisilofaa na kuliacha linalofaa.

Kuhusu somo la hamira lenyewe, msiishie katika chupa moja. Tumieni chupa nne: ya kwanza iwe na hamira, sukari na maji ya vuguvugu, ya pili ikose sukari, ya tatu iwe na maji baridi sana, ya nne iwe na hamira iliyochemshwa kwanza, ikapoa. Kila chupa imetofautiana na ya kwanza kwa jambo moja tu, na watoto watagundua wenyewe kila jambo lina kazi gani. Ni njia ile ile: ondoa kimoja, tazama kazi inakwama wapi. Chuo chenu kikiwa na hadubini, wekeni tone la maji ya chupa ya kwanza chini yake katika ukuzaji wa mara 400, mhesabu seli zenye chipukizi na zisizo nalo. Hesabuni tena kesho yake, sukari inapokuwa imepungua, mzilinganishe hesabu mbili hizo.

Na mtoto akiuliza swali msilolijua, semeni hamlijui. Mimi hutenga pembe ya ubao kwa maswali tunayoyadai, na kila Ijumaa tunayapitia. Mengine hulipwa katika juma moja, mengine hukaa muhula mzima. Hakuna mtoto aliyepata kunidharau kwa sababu ya pembe hiyo.

Lile la msichana wa dawati la mbele lingekaa pale muda mrefu sana, lakini sasa ningeweza kumjibu. Ningemwambia hivi: hakuna mtu wa nje anayeiambia hamira kwamba imetosha. Kila seli imebeba ndani yake maagizo ya kupima chakula, kujipima ukubwa, kuikagua kazi yake, na kusimama. Chakula kikiisha, husimama mwanzoni mwa duru na kungoja, ndiyo maana nyumba ya mama yako haijajaa. Kisha ningemwomba anipe daftari lake la hesabu, tuutazame pamoja ule mgawanyo wa 618 kwa 6.